Mwisho wa Hadithi ya Vitabu Vitatu

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili wanafunzi wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao.

Natumaini ya kuwa kila mtu amekwisha kupata mahali pa kukaa, na ya kuwa redio inasikika mpaka nyuma. Asiyesikia vizuri ainue mkono, na mwalimu atamsogeza mbele.

Leo hatutasema habari za mbolea, wala za kuchemsha maji ya kunywa. Leo tutasema habari za hadithi, na hasa habari za mwisho wa hadithi. Sababu yake ni barua moja. Darasa moja liliniandikia kwamba walipata kitabu cha hadithi kilichokwisha kutumiwa sana, wakakisoma jioni baada ya jioni, kila mtu ukurasa wake. Walipokaribia mwisho wakaona karatasi za mwisho zimechanika, hazimo. Katika barua yao wakaandika maneno ya mama mmoja wa darasa lile: "Afadhali nisingalianza." Kisha wakaniuliza: Je, kusoma hadithi isiyo na mwisho si kupoteza wakati?

Nimelifikiri sana swali hilo. Mama yule hakukasirika kwa ajili ya karatasi. Karatasi tatu nne si kitu. Alikasirika kwa sababu alikuwa amewapa watu wa hadithi ile moyo wake, akawaonea huruma, akalala akiwawaza, na sasa hatajua yaliyowapata. Ni kama mtu aliyesindikiza mgonjwa mpaka mlangoni mwa hospitali, kisha mlango ukafungwa, na hakuna mtu wa kumletea habari.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: DENI.

(Kimya kidogo, ili wanafunzi wasome neno.)

Vema. Mtunzi wa hadithi ni mtu anayekopa. Anatuambia mwanzoni: mtoto fulani amepotea. Hapo amekopa huruma yetu. Anatuambia: nyuma ya mlango huu pana adui. Hapo amekopa hofu yetu. Anatuambia: ndugu hawa wawili hawapatani. Hapo amekopa hamu yetu ya kujua kama watapatana. Nasi tunamkopesha bila ya kuuliza, maana twatumaini kwamba atalipa. Mwisho wa hadithi ndiyo siku ya kulipa. Na mtunzi aliyeandika vitabu vitatu juu ya habari moja amekopa zaidi ya yule aliyeandika kimoja, kwa kuwa ametungojesha zaidi.

Sasa nitawapa mfano wa mtunzi mmoja aliyelipa vizuri. Huyo ni Mwingereza, jina lake Sam Youd, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2012. Vitabu vyake vingi aliviandika kwa jina jingine, John Christopher, na kwa jina hilo ndivyo watu wanavyomjua. Alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akawa mwandishi. Mwaka 1967 alitoa vitabu viwili vya hadithi kwa vijana, na mwaka 1968 akatoa cha tatu na cha mwisho. Cha kwanza kinaitwa The White Mountains, maana yake Milima Myeupe. Cha pili The City of Gold and Lead, yaani Mji wa Dhahabu na Risasi. Nasema risasi ile madini nzito, si risasi ya bunduki. Cha tatu The Pool of Fire, yaani Bwawa la Moto.

Hadithi hizi ni za namna ambayo imependwa sana na vijana wa Ulaya na Marekani. Zinasimulia habari za nyakati zijazo, wakati dunia imekwisha kuharibika, na watu wanatawaliwa kwa dhuluma kubwa, lakini wengi wao hawana habari kama wanadhulumiwa. Mara nyingi huja vitabu vitatu. Katika cha kwanza kijana anatambua kuwa amefungwa. Katika cha pili anaingia nyumbani mwa adui. Katika cha tatu vinakuja vita, na baada ya vita, mwisho.

Basi sikilizeni hadithi yenyewe.

Katika nyakati hizo zijazo, watu wa Uingereza wanaishi kama walivyoishi mababu zao wa zamani sana. Wanalima, wanafuga, wanasafiri kwa farasi. Miji mikubwa ni magofu. Juu ya mashamba yao zinatembea mashine kubwa za chuma, ndefu kupita mti wo wote, zenye miguu mitatu. Zinaitwa Tripodi. Kila mtoto akifika umri wa miaka 14, Tripodi inakuja kumchukua, na anaporudi ana kofia ya chuma iliyoshikana na ngozi ya kichwa chake. Tangu siku hiyo hatamani tena kuuliza maswali. Anakula, anafanya kazi, anacheka, anazaa watoto. Lakini moyoni mwake anazipenda Tripodi, na hawezi kabisa kuwaza la kuzipinga. Tena watu wanafanya sherehe kubwa siku ya kuvikwa kofia. Wazazi wanapika, jirani wanakuja, kama vile siku ya kutoka jandoni.

Hapo ndipo mtunzi anapokopa kwa mara ya kwanza, tena mkopo mkubwa. Maana sisi wasomaji twaiona ile kofia ni pingu, lakini wale walioivaa wanaiona ni heshima. Twajiuliza: mtu asiyejua kuwa ni mtumwa, utamwokoaje?

Kijana wa hadithi anaitwa Will Parker. Ana miaka 13. Anakutana na mtu anayejifanya mwenda wazimu kusudi asishikwe, na mtu huyo anamwambia siri: mbali sana, katika milima yenye theluji, wapo watu huru wasiovaa kofia. Will anatoroka. Pamoja naye anakwenda Henry, binamu yake, ambaye hawakupendana hata kidogo. Walikuwa wakipigana tangu utoto. Wanavuka bahari mpaka Ufaransa, na huko wanampata kijana wa tatu, mrefu na mwembamba, jina lake Jean-Paul. Kwa masikio ya Waingereza wale, jina hilo lasikika karibu na neno lao la mti wa kutambazia maharage, yaani Beanpole, na kwa ule urefu wake jina likamkaa. Kijana huyo amejitengenezea miwani mwenyewe. Mkumbukeni, maana yeye ndiye mwenye akili za ufundi.

Njia ni ndefu, nami sitaisimulia yote. Nitataja jambo moja tu. Katika jumba moja kubwa la Ufaransa, Will anaugua, na anauguzwa na msichana mwema, jina lake Eloise. Anampenda. Anafikiri kuacha safari na kukaa pale. Kisha siku moja anakiona kichwa cha Eloise pasipo kilemba, na kumbe amekwisha kuvikwa kofia. Baadaye kidogo msichana yule anachaguliwa kwenda kuwatumikia wenye Tripodi mjini kwao, na anakwenda kwa furaha kubwa, huku akiaga watu kama bibi arusi. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini.

Katika kitabu cha pili Will anaingia katika mji huo. Anaingia na kijana wa Kijerumani anayeitwa Fritz, nao wamevaa kofia za uongo. Humo wanawaona wenyewe wenye mji, wanaoitwa Mabwana. Si watu. Wametoka nyota nyingine. Wana miguu mitatu, mikono mitatu mirefu isiyo na mifupa, na macho matatu. Hewa ya mji ni ya kijani, nayo ni sumu kwa mtu, tena ndani ya mji kila kitu ni kizito, hata kuinua mguu ni kazi. Watumwa wa mji huo hufa baada ya miaka michache tu. Na humo Will anamkuta tena Eloise. Amekufa, amehifadhiwa kama kipepeo katika sanduku la kioo, ili Mabwana waje kutazama uzuri wake.

Bwana wa Will anampenda mtumwa wake kwa namna anavyopenda mtu mbwa wake, na kwa kuzungumza ovyo anamwambia jambo la kutisha: baada ya miaka minne itafika merikebu kutoka kwao, na italeta mitambo ya kugeuza hewa ya dunia nzima iwe kama hewa yao. Kila mtu, kila mnyama, kila mti utakufa. Will anatoroka na habari hiyo. Kitabu cha pili kinakwisha hapo: adui hajashindwa, na siku zinahesabiwa.

Mwalimu, tafadhali simamisha darasa kidogo. Kila mwanafunzi amwambie jirani yake deni gani analomdai mtunzi mpaka sasa.

(Kimya cha dakika moja.)

Vema. Naamini mmesema: lazima Mabwana washindwe. Hilo ni deni la kwanza. Wengine mmesema: kofia zile zitatokaje vichwani? Mwingine amesema: Will na Henry hawajapatana hasa. Na labda yupo mmoja aliyesema: Eloise alikufa bure? Mtu huyo ni msomaji hodari, namsifu.

Sasa, mtunzi anaweza kulipa kwa fedha ya namna mbili. Ipo fedha ya bandia. Mtunzi mwingine wa Kiingereza, H. G. Wells, alitoa mwaka 1898 kitabu kilichosimulia habari za adui waliotoka sayari ya Mirihi na mashine za miguu mitatu vile vile. Watu wakashindwa kabisa. Kisha adui wakafa wenyewe kwa vijidudu vya maradhi, kwa kuwa miili yao haikuvizoea. Nisiseme kuwa Wells ni fundi mbovu. Alikuwa fundi mkubwa, na alitaka kuwaonyesha Waingereza wa siku zile, waliotawala nchi nyingi, jinsi inavyokuwa mtu kutawaliwa na mwenye silaha bora. Kwa shabaha yake ule mwisho ulifaa. Lakini kama Christopher angaliwaua Mabwana wake kwa mafua baada ya vitabu vitatu vya mateso, wasomaji wangalisema tumeibiwa. Maana Will ametembea mpaka miguu ikatoka damu, na huko mwisho mafua ndiyo yaliyofanya kazi!

Christopher alifanya vingine. Katika kitabu cha tatu watu huru wanatega Tripodi moja na kumkamata Bwana mmoja mzima, wakamfunga ili wamchunguze. Hapo bahati inaingia kidogo: pombe kali inamfikia yule mfungwa pasipo mtu kukusudia, na mara anapooza, hajiwezi, kama gogo. Kumbe kitu ambacho kwa mtu ni ulevi tu, kwa Mabwana kinaangusha mwili mzima.

Nasikia mnacheka. Najua pia kuna mtu anasema kuwa hata hapa kwetu gongo limepooza wengi. Ni kweli, lakini somo hilo ni la siku nyingine, tena ni la Bwana Afya.

Tazameni ufundi wa jambo hili. Bahati imewapa watu neno moja tu la habari, haikuwapa ushindi. Ushindi bado uwe kazi. Mabwana wana miji mitatu: mmoja Ujerumani, mmoja upande wa China, na mmoja Panama, pale nchi ya Amerika ilipo nyembamba. Lazima miji yote ipigwe kwa wakati mmoja, maana mmoja ukipata habari, mingine itajilinda. Will na Fritz, ambao walikuwa watumwa ndani ya mji ule wa Ujerumani na wanajua njia zake, wanarudi humo kwa hiari yao na kikosi kidogo cha wenzao. Wanapika pombe kali humo humo, chini ya pua za adui, na kuitia katika maji ya mji. Mabwana wanaanguka. Kuba la mji linavunjwa, hewa yetu inaingia, na hewa tunayovuta mimi na wewe ndiyo inayowaua.

Mnaona namna deni linavyolipwa? Mateso ya kitabu cha pili, ule utumwa, ule uzito, ndiyo yaliyowapa vijana elimu ya mji. Kama Will asingaliteswa, asingalijua njia. Tena hapo mitambo ya mji inapozimika, kofia zinakufa. Chuma bado kipo kichwani, lakini hakina nguvu tena, na watu wanaamka kama walioota ndoto ndefu. Eloise hakuamka naye. Mtunzi hakutupa hilo. Kuna madeni ambayo hadithi ya kweli haiwezi kuyalipa, na mtunzi mwaminifu hajifanyi kuyalipa.

Mji wa China nao unaanguka. Mji wa Panama hauanguki. Shambulio la huko limeshindwa, na Mabwana waliobaki sasa wana habari kamili. Mji mmoja watosha kuipokea ile merikebu. Kwa hiyo ushindi wote uliopatikana ni kazi bure, isipokuwa mji wa tatu nao uvunjwe.

Watu wanatengeneza ndege za kuruka, kwa kufuata vitabu vya wazee wao. Ndege zinaruka, kisha Mabwana wanazima injini zao kutoka mbali, zinaanguka. Ndipo wanapotumia baluni, ile mifuko mikubwa inayopaa juu, isiyo na injini ya kuzimwa. Wanapaa na mabomu, Will katika baluni yake, Henry katika yake, na wengine. Wanapita juu ya mji na kuangusha mabomu. Lakini kuba la mji ni la mviringo, kama bakuli lililofudikizwa. Bomu likianguka linadunda na kuteleza, linalipukia mahali pengine, na kuba halipati hata ufa. Bomu moja, la pili, la tatu. Mabomu yanakwisha.

Ndipo Will, akiwa juu, anaona baluni ya Henry inashuka. Inashuka mpaka inagusa kuba. Henry anatoka na bomu lake mikononi, analishika pale pale ili lisiteleze, na analishika mpaka linalipuka.

Kuba linavunjika.

(Kimya kidogo.)

Mabibi na mabwana, nimesikia watu wakisema kuwa kifo hicho kiliwekwa ili tulie tu. Sikubali. Kumbukeni Henry ni nani. Ni yule binamu ambaye Will hakumpenda. Katika kitabu cha kwanza Will alikasirika kwamba Henry alimfuata. Alimwonea wivu alipoona Henry na Beanpole wanapatana kumpita yeye. Will mwenyewe ni mtu wa pupa na wivu, na mtunzi hamfichi. Tangu mwanzo sisi wasomaji tulidhani kuwa shujaa ni yule anayesimulia. Mwisho twaona kwamba tendo lililo kubwa kuliko yote limefanywa na yule aliyesimama pembeni, tena pasipo maneno. Will hakupata nafasi ya kumwambia, "Ndugu yangu, nisamehe." Hilo ndilo deni kati ya ndugu wawili, na limelipwa na mmoja peke yake.

Kama kitabu kingalikwisha hapo, kingalikuwa kitabu kizuri cha vita. Watoto wangalikifunga na kusema, tumeshinda. Lakini kuna sura moja zaidi, na kwa sura hiyo nimewachagulia hadithi hii leo.

Mwalimu, andika ubaoni: MKUTANO.

Baada ya Mabwana kwisha, wajumbe wa mataifa yote wanaitwa kwenye mkutano mkubwa, huko kwenye milima ambako watu huru walijificha. Kiongozi wao ni mzee Julius, mtu aliyewashika pamoja katika miaka yote ya shida. Shabaha ya mkutano ni kwamba watu wa dunia, waliokombolewa pamoja, wakae pamoja, wasirudie vita vya zamani. Na mkutano unavunjika. Taifa hili linamwonea kijicho taifa lile. Watu wanasema Julius ametawala vya kutosha, anataka nini tena? Anaondolewa. Wajumbe wengine wanasimama na kutoka nje. Wale waliolala pango moja na kula mkate mmoja walipokuwa wakiwindwa, sasa wamekuwa huru, na uhuru wao wa kwanza wanautumia kugombana.

Mnajua, wasomaji wengine walichukizwa na sura hiyo. Walisema: tumesoma vitabu vitatu, Henry amekufa, na mwisho wake ni ugomvi wa wazee mkutanoni? Nawaelewa. Mimi naona kwamba hapo ndipo mtunzi alipolipa lile deni la kwanza kabisa, deni la kofia.

Fikirini. Mabwana walisema nini juu ya kofia? Walisema kuwa kofia zimewaletea watu amani. Na ni kweli! Watu wenye kofia hawakupigana vita. Tangu kitabu cha kwanza swali hilo limekaa kama mgeni mlangoni: je, si afadhali kofia na amani kuliko uhuru na vita? Mtunzi asingaliweza kulikimbia. Kama angalituonyesha watu wote wamepatana mara moja na kukumbatiana, angalikuwa anatudanganya kuwa uhuru hauna gharama. Naye alikuwa mtu aliyeona vita kwa macho yake, tena aliandika miaka kama 20 hivi tu tangu Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa mwaka 1945, akaona mataifa yaliyoshinda pamoja yakitazamana kwa mizinga. Aliandika alichokijua.

Lakini hakutuacha gizani. Baada ya mkutano kuvunjika wanabaki vijana watatu, Will, Fritz na Beanpole. Kila mmoja sasa ana maisha yake na mambo anayoyapenda. Beanpole ana sayansi yake, na Will ana hamu ya kuzunguka dunia mpya. Wanakaa, wanazungumza juu ya Henry. Na Will yule wa pupa na wivu, aliyekuwa hawezi kukaa na mtu bila kugombana, anakubali kuacha mambo yake na kuanza pamoja na wenzake kazi ya kuwapatanisha watu, kazi ndefu, isiyo na Tripodi za kulipua wala watu wa kupiga makofi. Hawana hakika kama wataweza. Kitabu kinakwisha hapo hapo.

Ninaposema mwisho wa kuridhisha, nasema huo. Hautuambii kila kitu kimekuwa sawa. Unatuambia yule kijana tuliyemjua mwanzoni amekuwa nani.

Nisije nikaonekana nawasifu wazee tu. Mtunzi mmoja wa Marekani, Suzanne Collins, ametoa vitabu vitatu mwaka 2008, 2009 na 2010, juu ya nchi ambayo kila mwaka hulazimisha watoto kuuana huku watu wakitazama. Vimesomwa dunia nzima, na sinema zake nne zilionyeshwa tangu 2012 hadi 2015. Hadithi inaanza msichana Katniss alipojitolea kwenda kufa mahali pa mdogo wake. Katika kitabu cha mwisho mdogo wake huyo anakufa kwa bomu, na Katniss anaona kila dalili kwamba bomu lilitoka upande wa wakombozi wenyewe. Anapopewa upinde amuue mtawala wa zamani, anampiga mshale yule kiongozi mpya. Wasomaji wamebishana sana juu ya mwisho huo, na wengine bado wana hasira kwa ajili ya mdogo wake. Lakini ni deni lile lile la Christopher, likalipwa kwa ukali zaidi: kumwangusha mwenye dhuluma ni kazi moja, na kumzuia aliyekaa kitini pake asifanye vile vile ni kazi nyingine.

Sasa nirudi kwa darasa lililoandika barua. Wenzenu wako wengi. Mwaka 1984 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha hadithi hii ya Tripodi katika televisheni, vipande 13. Mwaka 1985 likaonyesha kitabu cha pili, vipande 12. Kipande cha mwisho kiliwaonyesha vijana wakirudi milimani na kuikuta kambi ya watu huru imeharibiwa. Watoto wakangojea kitabu cha tatu. Hakikutengenezwa. Hakuna pombe katika maji, hakuna Henry juu ya kuba, hakuna mkutano. Kwa mtoto aliyetazama tu wala hakusoma, Mabwana wameshinda mpaka leo.

Lakini mtoto aliyejua kusoma alikwenda kutafuta kitabu.

Basi, mama uliyesema "afadhali nisingalianza", mwalimu wako atanipelekea jina la kitabu chenu, nami nitajaribu kupata nakala nzima. Wakati mnapongoja nawapa kazi, na madarasa mengine yote nayapa kazi hiyo hiyo. Darasa lile liandike ukurasa wa mwisho uliochanika. Msiseme hamjui, andikeni kwanza ubaoni madeni yote mnayomdai mtunzi, kisha kila mtu achague moja na kulilipa kwa sentensi tano au sita. Madarasa mengine mchukue mkutano ule wa milimani. Andikeni maneno ambayo nyinyi mngalisema kama mngalikuwa wajumbe, kabla watu hawajatoka nje. Wasioweza bado kuandika sentensi ndefu, waandike neno moja, na jirani awasaidie kulimaliza.

Mwalimu, sasa zima redio, pandisha taa kidogo, na anza na aliye karibu na mlango. Kwaherini.